Msaada: picha 1,860 za harusi, natakiwa kutoa 212 tu. Kidole kikiteleza, zote zinapotea

#1 BintiStesheneri

Assalamu alaykum wana jukwaa.

Niko Chake, Pemba, nimeshika stesheneri ya mjomba wangu jirani na skuli. Fotokopi, kuprinti, picha za pasipoti, ndiyo hayo hayo. Juzi kaja bibi mmoja na fleshi ya harusi ya mwanawe. Ndani mna picha 1,860. Wapiga picha walikuwa wawili, kila mmoja na folda yake. Kaja na karatasi mbili za daftari pia, moja kwa kila mpiga picha, zimejaa namba za picha anazotaka asafishiwe. Nimezihesabu: 212. Chache zina nyota pembeni, nadhani ndizo za kukuzwa, za ukutani.

Mimi ninavyojua ni kushika Ctrl kwa mkono wa kushoto na kubofya kwa wa kulia, huku macho yako karatasini. Jana usiku nimefika kama 140 hivi. Mtoto akaingia anataka peni. Nikageuka, nikaachia Ctrl bila ya kujijua, nikarudi nikabofya picha iliyofuata. Ule ubuluu wote ukaondoka, ikabaki moja.

Nikakumbuka Ctrl+Z inarudisha mambo. Nikapiga. Kimya. Nikapiga tena na tena, mara folda niliyoihamisha mchana naiona imerudi desktopu. Hapo nikaingia khofu, nikazima kompyuta nikenda kulala.

Suali langu: hakuna njia ya kuchagua mafaili mengi kwa mkupuo bila ya kukaa umeng'ang'ania kitufe saa nzima? Natumia Windows 10. Bibi anaondoka na meli Mkoani Jumamosi asubuhi, kazi anaitaka Ijumaa baada ya sala.

#2 Mlandege_Boy

Ctrl+A. Umemaliza.

#3 BintiStesheneri

Yakhe, nataka 212, si 1,860.

#4 FundiWete

Wa alaykum salaam dada. Huyo wa Mlandege mwache, kila uzi anapita namna hiyo.

Tuanze na kilichokupata. Ule ubuluu haujaandikwa popote, uko kwenye skrini tu. Ukibofya bila Ctrl, Windows inaelewa kwamba za nyuma hushughuliki nazo tena, unataka hii moja. Hata ukibofya peupe, baina ya picha na picha, zote zinakwenda. Umeme ukikatika, vile vile. Na Ctrl+Z haina khabari na uteuzi hata kidogo. Hiyo inatengua kitendo cha mwisho ulichowafanyia mafaili yenyewe: uliyahamisha, yanarudi yalikotoka, uliyabadilisha jina, linarudi la zamani. Ndiyo folda yako ikarudi desktopu. Shukuru hukuendelea kupiga.

Sasa kazi. Kwanza, nani kakwambia ubebe 212 zote kwa pamoja? Fungua folda mpya. Chagua 20, piga Ctrl+C, ingia folda mpya, piga Ctrl+V, halafu zikate zile namba karatasini kwa peni. Rudi uchukue 20 nyengine. Kidole kikiteleza umepoteza 20, si 140. Na iwe kunakili, usikate na kuhamisha, maana fleshi ni ya watu na lazima irudi kama ilivyokuja.

Pili, Shift. Itizame karatasi yako tena. Mtu akichagua picha za harusi, pahala fulani lazima atataka fungu zima lililofuatana. Tuseme kuingia kwa bibi harusi ni 0412 mpaka 0431. Bofya 0412, shika Shift, bofya 0431. Picha 20 kwa mibofyo miwili. Ukitaka fungu la pili bila ya kuliacha la kwanza, shika Ctrl ubofye inayoanza, halafu shika Ctrl na Shift kwa pamoja ubofye inayomaliza. Fungu la kwanza linabaki pale pale. Hii ya vitufe viwili wengi hawaijui, hata waliokaa na kompyuta miaka.

Lakini jihadhari na jambo moja. Shift haijui namba, inajua jirani. Inachukua kila kilicho baina ya mbofyo wa kwanza na wa pili kwa mpangilio unaouona machoni. Folda ikiwa imepangwa kwa ukubwa wa faili, baina ya 0412 na 0431 utamkuta babu kakaa mkekani na deg la biriani. Kwa hiyo panga kwa jina kwanza. Bofya kulia peupe, Sort by, Name. Ndiyo uguse Shift.

Tatu, vipo visanduku vya tiki. Nenda View, weka tiki kwenye Item check boxes. Kila picha inapata kisanduku pembeni, unatia tiki bila ya kushika Ctrl. Mikono inapumzika. Ila ukibofya picha yenyewe badala ya kisanduku, zote zinaondoka vile vile. Nakwambia mapema usije ukanilaumu.

#5 BintiStesheneri

Shukran sana fundi. Visanduku nimeviwasha sasa hivi, kumbe siku zote vipo!

Mafungu yapo lakini machache. Kubwa ni la nikaha, kaandika hivi: "nikaha 0061 mpaka 0119 zote isipokuwa 0088, 0091 na 0103". Nyengine kachagua moja moja kama anachambua karafuu.

#6 MzeeWaKonde

Nimesikia karafuu nikaja.

Mjukuu wangu, karafuu zishakauka unazipitia kutoa makonyo yaliyobaki, vile vijiti vyake. Hukai ukaokota karafuu punje punje ukaacha makonyo mkekani, unaokota konyo, basi. Na kompyuta ina hiyo. Ukiwa unataka nyingi na usizozitaka ni chache, chagua hizo chache usizozitaka, kisha nenda Home, kule mwisho kulia kabisa pameandikwa Invert selection. Inageuza: ulizochagua zinaachwa, zilizobaki zinachaguliwa. Kwenye Windows 11 imejificha ndani ya vidoti vitatu juu.

Mimi nimeijua kwa simu ya mwanangu. Picha kama mia tisa, nyingi za paka. Nikachagua 30 za watu, nikageuza, nikafuta paka wote.

#7 FundiWete

Mzee heshima yako, lakini kwa nikaha hii haina haja ya kugeuza. Bofya 0061, Shift na 0119, hapo una 59. Shika Ctrl ubofye 0088, 0091 na 0103, zinatoka. Ctrl inatia na inatoa, ndiyo raha yake. Unabaki na 56. Tizama chini kabisa ya dirisha, kule kushoto, pameandikwa umechagua ngapi na uzito wake. Pasipokuwa na 56, usiendelee.

#8 MzeeWaKonde

Yote ni makonyo.

#9 Maalim_wa_Skuli

Naomba kuingiza suali langu humu humu, nalo ni la kuchagua mengi. Mimi mwalimu, nimeandaa karatasi za mtihani 18, kila moja faili lake la Word. Nataka kuziprinti kwa mara moja. Nikichagua zote na kubofya kulia, neno Print halipo! Open nayo haipo. Nikichagua chache zinarudi. Nimedhani ni kirusi, nimeshawaita vijana wawili, mmoja kataka kuniwekea Windows upya.

#10 FundiWete

Maalim, usiwekewe Windows upya hata kidogo. Kompyuta ni nzima. Windows imewekewa mpaka: ukichagua mafaili zaidi ya 15, Open na Print zinaondolewa, ili mtu asije akafungua mafaili mia tatu kwa bahati mbaya na mashine ikaganda. Chagua 15, printi. Kisha chagua 3 zilizobaki, printi. Pahala pa kuuongeza huo mpaka papo ndani ya rejista, kule Windows inakoweka mipangilio yake, lakini kwa mitihani 18 haistahiki kwenda kuchokoa huko.

#11 Maalim_wa_Skuli

Kumi na tano kweli! Nimehesabu: 15 ipo, nikigusa ya 16 inatoweka. Allah akulipe kheri.

#12 KimaPunju

Na sisi wa Mac? Nafanya kazi na watalii hapa Mjini, kila wiki narudi Jozani na picha za kima. Nashika Shift kama mnavyosema, inaongeza moja moja tu, haichukui safu nzima.

#13 FundiWete

Uko kwenye muonekano wa ikoni. Huko Finder, dirisha la mafaili la Mac, haivuti safu, kila Shift na mbofyo inaongeza kitu kimoja. Piga Command+2 upate orodha, hapo Shift inavuta kama kwetu. Na kazi ya Ctrl kwenu anaifanya Command. Kwenye Mac ukishika Control na kubofya, unapata menyu ya kubofya kulia.

#14 MwanafunziTunguu

Dada BintiStesheneri, samahani nimechelewa kuuona uzi. Hizo za moja moja zina njia nyepesi zaidi, maadam bibi kakupa namba. Usizitafute kwa macho, mwambie Windows azitafute.

Fungua Notepad, andika namba kutoka karatasini kwa mtindo huu:

IMG_0412 OR IMG_0418 OR IMG_0433 OR IMG_0507

Hiyo OR lazima iwe kwa herufi kubwa, ukiandika kwa ndogo inachukuliwa kuwa neno la kutafutwa. Nakili mstari wote, fungua folda ya picha, bandika kwenye kisanduku cha kutafutia juu kulia. Zitabaki hizo tu. Ndiyo sasa unapiga Ctrl+A ya Mlandege_Boy, Ctrl+C, unazipeleka kwenye folda mpya. Fanya kumi kumi au ishirini, usibandike 100 kwa mara moja.

#15 Mlandege_Boy

Mnaona.

#16 MkoaniKwetu

Mimi laptopu yangu padi ya kugusia imekufa upande mmoja na mausi sina. Wenye dhiki kama yangu: unaweza kuchagua kwa kibodi peke yake. Shift na mshale inachukua zinazofuatana. Za kuruka ruka, shika Ctrl, tembea kwa mishale, ubuluu haufuati, kinakwenda kifremu chembamba tu. Ukifika unayoitaka, Ctrl ikiwa bado imeshikwa, piga kitufe kirefu cha nafasi. Inachaguliwa. Ukipiga tena inaachwa. Shift na End inavuta mpaka mwisho wa folda. Nimefanya hivi mwezi mzima na sasa naona mausi inachelewesha.

#17 BintiStesheneri

Jamani nimejaribu ya Tunguu, inafanya kazi mashaallah. Lakini mbona nimetafuta namba 20, zimekuja picha 23? Nimehesabu mstari mara mbili, namba ni 20 kamili.

#18 MwanafunziTunguu

Umefungua folda gani wakati unatafuta?

#19 BintiStesheneri

Ile kubwa, yenye folda za wapiga picha wote wawili ndani yake.

#20 FundiWete

Basi ndiyo hapo. Kisanduku cha kutafutia kinaingia mpaka folda za ndani. Kamera nyingi zinaandika jina la picha kwa herufi nne na namba nne, zikifika 9999 zinaanza upya. Wapiga picha wako wawili inaelekea kamera zao zinaandika jina kwa namna moja. Nenda katizame: wa kwanza anaanzia ngapi na kumalizia ngapi? Na wa pili?

#21 BintiStesheneri

Wa kwanza IMG_0001 mpaka IMG_1104. Wa pili IMG_1090 mpaka IMG_1845.

#22 FundiWete

Umeona? Kuanzia 1090 mpaka 1104 kila namba iko mara mbili, kwa huyu na kwa yule, na ni picha mbali mbali kabisa. Tatu kati ya namba zako zimeangukia hapo, ndiyo 23. Karatasi ya kwanza tafuta ndani ya folda ya mpiga picha wa kwanza, ya pili ndani ya folda ya wa pili. Usitafute kwenye folda kubwa.

#23 ZaZiDar

Habari za huko visiwani. Mimi niko Dar, nimeingia kwa sababu uzi huu umenigusa pabaya. Kuna balaa jingine la Ctrl hamjalitaja. Ukiwa umeishika na mausi ikasogea kidogo wakati unabofya, Windows inadhani unaburura, na kuburura huku umeshika Ctrl maana yake ni kunakili. Nilichagua faili kama 300, mkono ukatetemeka, folda ikajaa mafaili yenye "- Copy" mwishoni mwa jina. Sikushtuka mpaka mteja aliponiuliza mbona kila picha kaiona mara mbili.

#24 KimaPunju

Ulizisafisha vipi?

#25 ZaZiDar

Ukigundua pale pale, Ctrl+Z ndiyo kazi yake hasa. Mimi niligundua siku ya tatu. Niliandika Copy kwenye kisanduku cha kutafutia, zikaja zote, nikazipitia kwa macho kwanza nisije nikafuta faili lenye jina hilo kihalali, ndipo nikafuta. Tangu siku hiyo nikibofya nikiwa na Ctrl nanyanyua mkono kabisa, ndipo nasogea.

#26 FundiWete

Na kwa kuwa tumegusa kufuta: ukifuta kitu kilichoko ndani ya kompyuta, kinakwenda kwenye kikapu, unaweza kukirudisha. Ukifuta kilichoko kwenye fleshi hakipiti kikapuni, kimekwenda. Kwa hiyo fleshi ya mteja isichaguliwe kitu juu yake. Nakili zote kwenye kompyuta kwanza, toa fleshi, iweke kwenye bahasha, ndiyo uanze kucheza.

#27 BintiStesheneri

Nimefanya hivyo. Fleshi iko kwenye mkoba wangu tokea juzi.

#28 Maalim_wa_Skuli

Wakati dada anaendelea, niwape kisa kimoja cha zamani kuhusu kuchagua zote. Miaka ya 1970 huko California, kwenye kituo cha utafiti cha Xerox PARC, palikuwa na programu ya kuandikia ikiitwa Bravo. Ilikuwa na hali mbili: hali ya amri na hali ya kuandika. Ukiwa kwenye hali ya amri, herufi E ilikuwa inachagua maandishi yote, D inafuta, I inaingiza maandishi mapya. Sasa mtu akajisahau, akadhani yuko kwenye hali ya kuandika, akaandika neno la Kiingereza "edit". E ikachagua waraka mzima. D ikaufuta. I ikafungua mlango wa kuandika. T ikaandikwa. Waraka wote ukageuka kuwa herufi t.

Hapo hapo PARC alikuwapo Larry Tesler, aliyefariki Februari 2020, ambaye alizichukia hizo hali mbili maisha yake yote. Yeye na Tim Mott wakatengeneza programu nyengine, Gypsy, isiyokuwa na hali: ukigonga herufi inaandikwa, ukitaka kukata na kubandika unachagua kwanza kisha unaamuru. Ndiyo njia tunayokwenda nayo mpaka leo.

Wanafunzi wangu lakini wamemshinda Tesler. Wanapiga Ctrl+A kwenye Word kisha wanagusa herufi yoyote, insha nzima imekwenda. Mikono inatetemeka, hawakumbuki Ctrl+Z, wananiita mimi.

#29 MzeeWaKonde

Maalim, kisa kizuri. Herufi t peke yake, maskini.

#30 BintiStesheneri

Jamani. Nimemaliza karatasi zote mbili. Kila namba nimeikata kwa peni nyekundu. Nafungua folda mpya, naangalia chini: 209.

Nimerudia kuhesabu karatasi. 212. Tatu zimekwenda wapi?

#31 MwanafunziTunguu

Tatu tena! Zile zile?

#32 FundiWete

Dada, ulipokuwa unabandika za mpiga picha wa pili, Windows ilikuuliza kitu chochote?

#33 BintiStesheneri

Iliuliza, kikatoka kidirisha. Nilikuwa na wateja, nikabofya ile ya juu.

#34 FundiWete

Ile ya juu ndiyo Replace. Umezipeleka za wapiga picha wote kwenye folda moja, namba tatu zimegongana, na umeiruhusu ya pili ikae juu ya ya kwanza. Hazijapotea, za asili ziko kwenye folda zake. Ila kwenye folda yako mpya, picha tatu za mpiga picha wa kwanza zimefunikwa.

#35 MwanafunziTunguu

Dawa ni rahisi. Ingia folda ya mpiga picha wa pili, Ctrl+A, F2, andika B, Enter. Zote zitaitwa B (1), B (2) na kuendelea, hazitagongana tena.

#36 FundiWete

WEWE! Usimfanyie hivyo. Ni kweli F2 inabadilisha majina ya mafaili yote uliyochagua kwa mara moja, na ni nzuri sana, lakini inazifuta namba. Bibi karatasini kaandika 1093, wewe una B (4). Atamwambia nini? Kazi yote ya kuchagua inaanza moja.

Dada, fungua folda mbili: KWANZA na PILI. Za karatasi ya kwanza weka KWANZA, za pili PILI. Huna haja ya kurudia zote. Hizo 209 zipange kwa tarehe ya kupigwa, zitajitenga zenyewe ikiwa saa za kamera zilipishana. Kisha tafuta namba za baina ya 1090 na 1104 karatasini, hizo tu ndizo zenye mushkeli.

#37 BintiStesheneri

Saa za kamera hazikuwa sawa, kwa hiyo zimejitenga. Ya pili inasema harusi ilikuwa saa 9 za usiku 😂

Nimezitafuta hizo za baina: 1092, 1097 na 1101. Nimezichukua tena kutoka kwa wa kwanza, nimeziweka KWANZA. Sasa KWANZA 131, PILI 81. Jumla 212. Alhamdulillah.

#38 MkoaniKwetu

Nauliza tu na mimi kabla uzi haujafungwa: kuna fomu naijaza mtandaoni, inataka vyeti. Nachagua vyeti vinne kwa Ctrl, inachukua kimoja tu. Kosa liko wapi?

#39 FundiWete

Kosa haliko kwako. Aliyetengeneza ukurasa ndiye anayeamua kama unapokea faili moja au mengi. Ukiona kwenye kisanduku cha jina la faili, kule chini ya dirisha la kuchagulia, majina yamejipanga kila moja ndani ya alama za kunukuu, ujue ukurasa unakubali mengi. Likikaa jina moja tu, ndiyo basi. Viunganishe vyeti kwenye PDF moja, au kama wanakubali zip, vichague vyote vinne, bofya kulia, Send to, folda iliyobanwa.

#40 BintiStesheneri

Leo Ijumaa. Bibi kaja baada ya sala, na shungi lake na miwani. Nimemkalisha, namwonyesha moja moja kwenye skrini kabla ya kuprinti. Kafurahi. Kafika kwenye zenye nyota, kaniangalia.

"Mwanangu, hizi za nyota ndizo nilizozikataa. Nimeziandika kisha nikabadilisha nia, karatasi sikutaka kuichafua."

Kumbe nyota si za ukutani! Zilikuwa 14. Nashukuru sikuwahi kuprinti hata moja kwa ukubwa.

Nimepiga Ctrl+A kwenye KWANZA, nikashika Ctrl, nikazibofya za nyota zikatoka moja moja, nikiangalia namba kule chini inavyopungua. Kisha PILI vile vile. Mtoto wa peni kaingia tena, nimemwambia asubiri nje. Zimebaki 198, printa inakwenda sasa hivi, na bibi yuko pembeni anakunywa soda anasubiri gari ya 603 ya Mkoani.

#41 Mlandege_Boy

Soma #2.